Kaimu wa Xaveria

Saa tatu kasorobo asubuhi Bibi Kunigunda Nchimbi alikuwa amekwisha kupima uzito, ametoboa kidole na kuvaa shati la marehemu mumewe. Alisema hawezi kuongea na watu akiwa na nguo ya kulalia, hata kama hawamwoni. Nilimkuta kwenye kiti chenye mito mitatu, miguu juu ya kigoda, na kisanduku cha sauti mezani mbele yake.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, Editha. Umekonda. Au huo mkoba ndio unakula chakula chako?"

"Ni vilima vyenu, bibi."

"Vilima havijamkondesha mtu. Mimi nimevipanda miaka sabini, hebu nitazame." Akanyoosha mguu niuone. Ulikuwa umejaa hadi juu ya kifundo. Nilipobonyeza kwa kidole gumba, shimo lilibaki. "Usiandike," alisema. "Jana nilikunywa kikombe kimoja cha ziada. Chai ya tangawizi. Niliinywa nikijua."

Niliandika. Ndiyo kazi niliyopewa miezi mitatu kabla, nilipofanywa mratibu wa mradi wa wazee na kukabidhiwa maduara thelathini na moja ya wilaya ya Mbinga. Duara moja lilikuwa na wazee wanne au watano, wote wenye maradhi yasiyopona: moyo, sukari, figo, mapafu. Vijana wao walikuwa mijini, na wao walikaa mbalimbali katika vijiji ambavyo mashimo yake ya ngolo, kilimo chetu cha miteremkoni, yalikuwa yameota nyasi. Dawa zao zililetwa na ndege ndogo zisizo na rubani, zikatua juu ya paa na kuondoka bila kusalimia. Kwa hiyo kila siku saa tatu kisanduku kiliwaunganisha kwa nusu saa. Mradi ulikuwa umeona mapema kwamba mzee anayesubiriwa na watu watatu kila asubuhi huishi zaidi ya mwenzake mwenye dawa zilezile asiyesubiriwa na mtu.

Saa tatu kamili taa ya kisanduku ikawaka.

"Haya, nani yuko?" Bibi aliita kana kwamba amesimama mlangoni kwa mtu.

"Nipo, dada." Ilikuwa sauti ya mwanamke, nzito, yenye kikohozi kidogo mwanzoni. "Xaveria, Litembo. Sukari nane nukta moja. Leo nitashona kifungo cha sweta."

"Alto, Maguu. Kilo sitini na mbili. Sikulala, mbwa wa jirani. Leo nitanoa jembe."

"Jembe la kulimia wapi, wewe na mapafu hayo?" Bibi alidakia.

"Kulinoa si kulima, mama."

"Osmund, Kigonsera," ilisema sauti ya tatu, ya mtu aliyezoea kusimama mbele ya ubao. "Sukari saba kamili. Leo nitawafundisha kuku kuhesabu."

Bibi alicheka mpaka akashika kifua. Akataja namba zake, akasema atachambua maharage. Hiyo ilikuwa sheria ya duara: kila mmoja ataje kazi moja atakayoifanya kwa mikono yake kabla jua halijazama. Waliongea habari za mvua na za padri mpya anayeimba kwa pua. Dakika zilipokaribia kwisha, Bibi alisogea mbele kwenye kiti.

"Xaveria. Nimepata bajaji ya kunileta Litembo Jumapili. Nije?"

"Jumapili hii, dada, sijui. Tuone. Wiki zinakuja."

"Ulisema hivyo Pasaka."

"Wiki zinakuja, dada."

Taa ikazimika. Bibi hakuegemea nyuma.

"Umesikia?" aliniuliza.

"Nimesikia."

"Ananikwepa. Mwaka mzima ananikwepa, na sababu naijua." Alivuta pumzi mara mbili kabla ya kuendelea, na mimi niliacha kuandika. "Mumewe alipokufa sikwenda kuzika. Nilituma neno kwamba naumwa. Sikuwa naumwa, Editha. Nilikuwa nimekaa hapo nje, napeta mahindi. Tulikuwa tumenuniana kwa jambo dogo ambalo sasa hata silikumbuki. Na unajua kwetu mtu asipokuja kukuzikia amekuambia nini."

"Ni zamani?"

"Miaka ishirini na sita. Hajawahi kuniuliza. Kwaresima ya mwaka jana nikaona moyo huu hautanisubiri, nikamwambia. Hapohapo kwenye duara, Alto na Osmund wakisikia, maana radhi huombwa mbele ya watu. Akasema, 'Yameisha, dada.' Nililia kama mtoto." Alijifuta pua kwa mkono wa shati. "Sasa kama yameisha, mbona hataki niende kwake? Aliyesamehe hufungua mlango. Yule alinisamehe kwa mdomo. Nitakufa na msamaha wa mdomoni."

Nilimwambia kwamba kesho yake nilikuwa na safari ya Litembo kukagua visanduku, na kwamba ningemuuliza.

"Usimuulize. Mwangalie uso tu, halafu uje uniambie."

*

Nyumba ya Xaveria Komba ilikuwa juu ya mteremko, katikati ya mibuni iliyozeeka. Binti yake, Remigia, alinipokea, akanipa kigoda, na nilipomtaja mama yake akanyanyuka, akatangulia. Nilimfuata. Kaburi lilikuwa nyuma ya nyumba, limesakafiwa vizuri. Tarehe ilikuwa ya Aprili, mwaka juzi.

Nilihesabu mara mbili, kwa sababu ndivyo nilivyo. Kwaresima ya mwaka jana ilikuja miezi kumi na mmoja baada ya tarehe hiyo.

"Siku ya tatu ya matanga walikuja watu wa mradi kuchukua kisanduku," Remigia alisema. "Walikuwa na adabu. Walituomba tusimwambie Mama Nchimbi, anaumwa moyo. Tukakubali. Mgonjwa haambiwi msiba."

"Mpaka lini?"

"Mpaka apate nafuu, walisema."

Hapo ndipo nilipokaa chini kando ya kaburi, nikaelewa.

Habari za kaimu nilikuwa nazijua. Kaimu ni programu, na mwanzoni ilitengenezwa kwa ajili ya siku ambazo mzee amelazwa kusafishwa damu na hawezi kufika saa tatu. Ilisikiliza maongezi yake ya miezi sita, ikajifunza sauti yake, kikohozi na utani wake, ikamshikia nafasi mpaka arudi. Wenzake waliambiwa, wakaitania. Baadaye ikaongezwa kanuni ya tisa: mwanachama akifariki, kaimu aendelee bila kutangazwa mpaka wenzake wawe na nguvu ya kupokea habari. Nguvu hiyo ilipimwa na bangili ya mkononi inayosoma mapigo ya moyo, siku thelathini mfululizo za taa ya kijani. Sisi waratibu hatukuonyeshwa ni sauti ipi ya mtu na ipi ya kaimu, kwa kuwa waratibu wa kwanza walionyeshwa, na wazee wakaisoma siri machoni mwao. Na kaimu alikatazwa jambo moja tu. Hakuruhusiwa kuahidi kuonana na mtu, maana angefuatwa na asikutwe.

Kanuni hiyo haikutoka kwa watu wabaya. Ilitoka kwa mama zetu. Mzazi aliyejifungua jana, mtu mwenye homa kali, aliyetoka kupasuliwa, hao wote hufichwa msiba mpaka wasimame, kisha huambiwa, hulia, na maisha huendelea. Lakini huo ni ugonjwa wenye mwisho. Bangili ya Bibi Kunigunda haikuwahi kukaa kijani hata siku tisa. Moyo wake haukuwa wa kupona, ulikuwa wa kutulizwa. Tulichukua desturi ya wagonjwa wa wiki mbili tukawavika wagonjwa wa maisha, na hakuna aliyesimama kuuliza siku ya kuambiwa itafika lini.

"Mama yako aliwahi kumtaja Bibi Kunigunda?" nilimuuliza Remigia. "Kuhusu mazishi ya baba yako?"

Alifikiri. "Mama hakuwa msemaji. Mara moja tu shangazi aliuliza mbona Kunigunda hakuja. Mama akasema, 'Aliumwa.' Akaendelea kukoroga uji."

"Alisemaje? Kwa sauti gani?"

"Kwa sauti ya mtu anayekoroga uji, dada."

*

Maguu sikuhitaji kufika. Nilimpigia mwenyekiti wa kijiji, naye akaniambia kwamba Mzee Alto alizikwa wakati wa mavuno yaliyopita, na kwamba mbwa wa jirani yake alikufa hata kabla yake. Kwa hiyo nilikwenda Kigonsera nikiwa tayari kuonyeshwa kaburi la tatu.

Mlango ulifunguliwa na mwanamke wa makamo, Bathilda, mkwe wa Mzee Osmund Kinunda.

"Karibu. Baba yuko ndani, ameamka."

"Yuko hai?"

"Ulitaka aweje?"

Mzee Osmund alikuwa amelazwa ubavu, ametazama kisanduku kilichokuwa juu ya stuli, karibu na uso wake. Upande wa kulia wa mwili ulikuwa umekufa. Mdomo ulikuwa umevutwa chini. Mkono wa kushoto ulishika kijiko, na chini ya kijiko palikuwa na kikombe cha bati.

"Kiharusi," Bathilda alisema. "Mwaka wa pili huu. Akili yote ipo, ila neno halitoki. Akigonga mara moja ni ndiyo. Mbili ni hapana. Namba anagonga zilivyo, mwalimu huyu."

"Shikamoo, mwalimu," nilisema, kisha nikaona aibu, kwa kuwa hakuwa na namna ya kuitikia. Akagonga mara moja. Nikaichukua kuwa marahaba.

Bathilda aliendelea huku akimkunjia shuka. "Kila saa tatu lazima nimwashie. Anajisikia anavyoongea na wenzake, anavyowachekesha. Machozi yanamtoka. Mimi nikasema ni furaha. Miezi ya kwanza alikuwa anagonga kisanduku kwa kijiko nusu saa nzima, mpaka kikapata mikwaruzo. Halafu akaacha."

Nilikigeuza kisanduku, nikafungua skrubu nne. Kazi ya visanduku nilijifunza mwenyewe, kwa kuharibu vingi. Kipaza sauti hakikuwa kibovu. Kilikuwa kimefungwa kwa amri kutoka ofisi ya mradi Songea, tangu wiki ya kiharusi, ili kisigongane na kaimu. Mzee aligonga miezi ile yote, na hakuna mlio hata mmoja uliotoka katika chumba hicho.

Nilipiga magoti ili macho yetu yalingane.

"Mwalimu, unajua kwamba Xaveria amefariki?"

Moja.

"Na Alto?"

Moja.

"Huyu anayesema kwa jina lako, unataka nimzime?"

Kijiko kiligonga kabla sijamaliza.

"Nikimzima hutaweza kusema. Wenzako watasikia kimya."

Aligonga moja, kwa nguvu, kikombe kikaanguka sakafuni. Bathilda alikiokota, akabaki amekishika, akimtazama baba mkwe wake kama mtu aliyeambiwa kwamba kwa muda mrefu amekuwa akimkanyaga mwenzake mguu.

Sikumuuliza kama Bibi Kunigunda aambiwe. Haikuwa haki kumtwika na hilo.

*

Daktari Mbawala, aliyeianzisha kanuni ya tisa, alinikaribisha ofisini kwake Songea bila haraka. Ni mzee sasa, naye amevaa bangili. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Makaimu wa duara moja huzimwa pamoja," alisema. "Wamefundishwa kujibizana. Ukimtoa mmoja, wengine wataendelea kumwita. Kwa hiyo ukimpa Osmund kimya chake, umemuua Xaveria na Alto asubuhi moja, mbele ya mwanamke mwenye moyo wa namna ile."

"Walikwisha kufa, daktari."

"Kwake bado." Alivua miwani. "Mwaka wa kwanza hatukuwa na kanuni hii. Tuliwaambia wazee arobaini. Kumi na mmoja walifariki kabla ya miezi mitatu. Majina yao ninayo kichwani, siyo kwenye karatasi."

"Na wasioambiwa?"

"Wanaishi zaidi. Si kidogo."

"Wakiamini nini?"

Nje mtu alikuwa anafagia majani, na tulimsikiliza wote wawili.

"Hilo hatukulipima," alisema mwishowe. Kisha, kwa sauti ileile: "Nilimficha mama yangu kifo cha mdogo wake. Alikuwa na figo. Kila siku alikuwa anauliza mbona Gerwini haji kumwona. Nikamwambia ana kazi nyingi. Alikufa akisema Gerwini amekuwa na kiburi. Nilijiambia kwamba angalau hakulia."

Alinisogezea fomu ya kuzima makaimu. Ilikuwa na mahali pamoja pa saini, pa mratibu. Aliniambia katika miaka yote hiyo hakuna aliyewahi kuiomba.

Nilikaa nayo mkobani siku mbili. Nilijaribu kupanga jambo lile pande mbili, kama nilivyozoea. Nikikaa kimya, Bibi atakufa akiamini kwamba rafiki yake alimsamehe kwa mdomo tu na kumfungia mlango. Nikisema, atajua kwamba rafiki yake hakumfungia mlango, lakini pia hakumsamehe, kwa kuwa hakuwahi kusikia. Niliupanga kila upande na hakuna uliokuwa na nafuu. Kilichonifanya nisaini ni kile kikombe cha bati. Nilijua siwezi tena kupita Kigonsera nikamkuta mzee yule anasikiliza. Huenda hiyo si sababu nzuri ya kumvunja moyo mtu mwingine. Lakini ndiyo niliyokuwa nayo.

*

Habari ya msiba haipelekwi na mtu mmoja, wala kwa mtu mwenye njaa. Nilimwomba Remigia tufuatane. Tulifika saa saba, tukasubiri Bibi ale ugali wake mdogo na mboga isiyo na chumvi. Nilihakikisha vidonge vya chini ya ulimi viko mfukoni.

Alipomwona Remigia uso wote ulimng'aa.

"Remigia! Mama yako amekutuma?"

Remigia alipiga magoti kando yake. Alikuwa amejifunga kanga kiunoni, kama mtu aliye msibani, na nadhani Bibi aliiona wakati huo.

"Nani?" alisema.

Nilishuka nikakaa sakafuni, karibu na miguu yake. "Bibi, ni Xaveria."

"Lini? Asubuhi nimeongea naye. Lini?"

"Aprili, bibi. Mwaka juzi."

Alininyooshea kiganja ninyamaze. Akaanza kuhesabu kwa vidole, midomo ikicheza. Aprili, Mei, Juni. Alifika mwisho wa vidole, akarudia. Nilimwona alipofika Kwaresima. Vidole vilisimama.

"Nilipomwambia," alisema.

"Alikuwa amekwisha kufariki."

"Akasema yameisha."

"Ilikuwa mashine, bibi. Inaitwa kaimu. Ilikuwa inasema kwa sauti yake."

"Nilisamehewa na mashine."

Hakuliuliza kama swali. Bangili ilibadilika kuwa nyekundu, nikampa kidonge, akakipokea kwa utii kama mtoto. Nilimweleza kuhusu Alto. Nilimweleza kuhusu Osmund, kwamba yuko hai na hawezi kusema, na kwamba utani wote wa saba kamili na kuku haukuwa wake. Alikuwa ananitazama lakini sidhani alisikia zaidi ya nusu.

Kisha alilia. Hakulia kama mtu anayeambiwa jambo la zamani. Alilia kama mwili uko chumbani, kwa jina, toka mwanzo: Xaveria wa Komba, Xaveria tuliyechota naye maji, Xaveria uliyenisuka siku ya harusi yangu. Remigia alianguka mapajani kwake, naye akalia, kwa mara ya pili, mama yuleyule. Sauti ilitoka nje, na majirani wakaja. Walikuja wameinamisha vichwa, mmoja mmoja, wakakaa kando ya ukuta. Hakuna aliyeuliza nani amekufa.

Bibi aliwaona hivyo, akanyamaza.

"Mlijua."

Mama mmoja wa nyumba ya chini alisema, "Tulikuhurumia, dada."

"Mlinihurumia." Alikuwa anahema. "Mmepita hapo mlangoni miaka miwili. Mmeniletea mboga. Mkaninyima kumlilia mwenzangu."

Yule mama alijifunika uso kwa kanga.

Jioni, kabla sijaondoka, Bibi alinishika mkono. Nilidhani ataniambia asante, au atanilaani, na nilikuwa tayari kwa yote mawili.

"Jana nilikuwa na rafiki aliyenikasirikia," alisema. "Mtu aliyekukasirikia bado unaweza kumfuata, Editha. Unaweza kupiga magoti mlangoni kwake. Huyu uliyeniletea leo nimfuate wapi?"

Nilimpandishia miguu juu ya kigoda, nikaondoka.

*

Asubuhi iliyofuata nilirudi mapema. Nilifikiri nitamkuta kitandani. Alikuwa kitini, amevaa shati, na miguu ilikuwa imejaa kuliko juzi.

"Washa," alisema.

Nilikuwa nimempigia Bathilda na kumwelekeza. Saa tatu kamili taa ikawaka. Makaimu hawakuwepo tena, na kipaza sauti cha Kigonsera kilikuwa wazi kwa mara ya kwanza.

"Haya, nani yuko?"

Palepale ambapo Xaveria angekohoa hapakuwa na kitu. Alto naye hakuwepo. Bibi aliwasubiri wote wawili, kila mmoja kwa muda wake. Kisha ukaja mlio wa bati: nane, kituo, tatu.

"Nane nukta tatu," Bibi alisema. "Imepanda, mwalimu."

Moja.

"Yangu ni kumi. Sikulala." Alikaribia kisanduku. "Osmund, ni wewe? Wewe mwenyewe?"

Moja.

"Ulijua Xaveria amekufa?"

Moja.

"Siku ile nilipomwomba radhi, ulikuwa unasikia?"

Moja.

"Ulitaka kunizuia?"

Kijiko kikagonga, kikagonga, kikagonga, bila hesabu, mpaka tukamsikia Bathilda anasema taratibu, baba, baba, na mlio ukafifia. Bibi alikuwa ameweka kiganja juu ya kisanduku kama anavyowekewa mtoto mwenye homa.

"Basi," alisema. "Basi, ndugu yangu. Nimesikia."

Alisubiri pumzi zao zitulie, ya kwake na ya yule wa Kigonsera. Nilizisikia zote mbili chumbani.

"Wewe ulimjua Xaveria kabla yangu," alisema. "Mlikaa dawati moja. Wewe niambie. Angenisikia, angenisamehe?"

Tulisubiri. Jogoo aliwika Kigonsera. Mtu alisogeza sufuria. Mara moja nilisikia kijiko kinagusa ukingo wa kikombe, polepole, bila kugonga, kisha kikaondolewa. Bibi hakurudia swali, wala hakumharakisha. Aliinamisha kichwa karibu na kisanduku, na saa ya ukutani ikaenda mpaka tatu na nusu, na katika muda wote ule Mzee Osmund hakugonga moja wala mbili.

Taa ilizimika. Bibi Kunigunda aliegemea nyuma kwenye mito yake mitatu.

"Hajui," aliniambia. "Na mimi sitajua."